Mawifi Wawili, Kura Moja

Ukitaka kumuudhi mtu wa Indiana, mtajie Ohio. Majirani zetu hao kila wakigeuka wana rais. Sisi chama kikiitisha mkutano mkuu wa kuchagua mgombea, hutukumbuka mwishoni, wakati kola za watu zimelowa jasho na kila mtu anataka kurudi kwao, ndipo mmoja huuliza, "Na Indiana tuwape nini?" Tunapewa umakamu wa rais. Hutupa kwa woga tu, maana kura zetu hazina mwenyewe, mwaka huu ziko huku na uchaguzi ujao ziko kule, na bila sisi ni vigumu kushinda. Kwa hiyo jimbo letu lina makamu wa kumwaga, na Ohio wana marais. Linaniuma, na sioni haya kusema linaniuma.

Nimeanza na Ohio kwa sababu nataka kueleza habari za Delphia Rusk, jirani yangu wa Sugar Fork, ambaye alijua jinsi kuwa wa pili kunavyouma kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Delphia alikuwa na Ohio yake, tena alikaa nayo nyumba moja. Iliitwa Orpha.

Orpha Rusk alikuwa dada mkubwa wa Virgil, mume wa Delphia. Hakuolewa. Delphia alipoletwa bibi harusi katika nyumba ile yenye mashamba ya mahindi na mabanda ya nguruwe, alimkuta wifi yake amekaa chumba cha juu kinachotazama barabara, ndicho chumba kizuri kuliko vyote, na hakukihama mpaka alipotolewa na wachukuzi wa jeneza. Alikuwa mwalimu wa shule. Mji mzima ulijifunza a, b, c kwake, na Jumapili ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Ukipita barabarani na wanawake wale wawili, ungesikia watu wakiita toka mbali, "Mwalimu Orpha! Mwalimu Orpha, shikamoo!" Kisha wakikaribia, "Ah, na wewe mke wa Virgil, hujambo?"

Orpha mwenyewe hakuwa na jina lingine la kumwita. Mke wa Virgil, nipitishie chumvi. Mke wa Virgil, kuku wako wameingia kwenye maua yangu.

"Zelma," Delphia aliniambia siku moja, tumeegemea uzio unaogawa viwanja vyetu, "nimekaa na yule mwanamke tangu binti zangu hawajazaliwa mpaka wameolewa. Hajawahi kutamka jina langu. Hata kwa bahati mbaya! Utadhani lina miiba."

"Mwambie."

"Nimwambieje? Niombe? Nimpigie magoti aseme Delphia? Koma, Zelma."

Na mambo ya pai. Katika maonyesho ya wilaya kila kiangazi, pai ya krimu na sukari ya Orpha ilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, na ya Delphia ikapata utepe mwekundu, wa pili. Nilizionja zote mbili mwaka hata mwaka. Ya Delphia ilikuwa bora, nasema hivi ingawa Orpha aliwafundisha wanangu kusoma. Ya Orpha ilizidi kungumanga. Lakini waamuzi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na nani atampa mwalimu wake utepe mwekundu? Delphia alikuwa akirudi nyumbani na utepe ule wa pili na kufungia mashina ya nyanya. Kufikia miaka ile ninayoisimulia, bustani yake ya nyanya ilikuwa nyekundu hata kabla nyanya hazijaiva.

Virgil hakuona lolote. Alikuwa mtu mwema, mzito wa kusema na mwepesi wa kula. Akimaliza kula alijifuta masharubu na kusema, "Pai ya Orpha tamu." Halafu akikumbuka, "Na yako pia."

Basi wanawake tulipopewa haki ya kupiga kura, wanaume wa chama walianza kutuchekea. Mkutano mkuu ulipokaribia, wilaya yetu iliambiwa itoe mjumbe mwanamke. Wazee wa chama walikaa dukani kwetu, maana mume wangu Burl alikuwa akiuza mbegu na zana za shamba, na mimi nikawapikia kahawa. Nusu yao walimtaka Orpha, kwa sababu alikuwa Mwalimu Orpha. Nusu walimtaka Delphia, na hao walikuwa na haki, kwa maana ni Delphia aliyezunguka shamba hadi shamba kila uchaguzi na kigari chake cha farasi, mvua na matope, akiwakusanya watu waende kupiga kura. Jina langu mimi hakulitaja mtu. Kahawa waliinywa.

Mkuu wa wajumbe wa jimbo letu, Clete Amsbaugh, alikuwepo siku hiyo. Kwao alikuwa na duka la majeneza, na hata kwenye siasa alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna maiti chumba cha pili.

"Mnapoteza muda," akasema. "Ikateni. Kila mmoja achukue nusu."

Siku hizo iliruhusiwa. Kura moja ya mjumbe iliweza kugawanywa ili waende watu wawili, kila mmoja na nusu yake. Nikavua aproni nikakimbia kumpa Delphia habari. Alikuwa anamnyonyoa kuku.

"Umechaguliwa, shoga! Unakwenda mkutanoni Chicago! Una nusu kura."

Mikono ikasimama. "Nusu? Na nusu nyingine ni ya nani?"

Hakuhitaji jibu. Alimgeuza yule kuku akaanza kumnyonyoa upya mahali palipokwisha kunyonyolewa.

Kilichomtoa kwenye ile huzuni ni redio. Burl aliagiza redio ya kwanza ya Sugar Fork, kisanduku chenye tarumbeta kubwa juu, ili watu waje kuusikiliza mkutano mkuu na wakishakuja wanunue majembe. Nilimweleza Delphia kwamba kule ukumbini majimbo huitwa kwa zamu, na kwamba nimesikia wakati mwingine wajumbe huitwa mmoja mmoja, kwa jina, na mtu hujibu mwenyewe.

"Na nyinyi hapa dukani mtasikia?"

"Neno kwa neno."

"Virgil atasikia? Na wale waamuzi wa pai?"

"Mji mzima utakuwa hapa."

Toka siku hiyo nilimsikia akiwa bandani kwake na kuku, kifua mbele: "Delphia Rusk, wa Sugar Fork, Indiana, nusu kura!" Kuku walitawanyika. Anarudia, mara kwa sauti nene, mara kwa madaha. Asubuhi moja alikuja uzioni macho yanang'aa.

"Zelma, mimi Rusk na yeye Rusk, hapo tuko sawa. Sasa angalia majina ya kwanza. D. Halafu O." Alihesabu kwa vidole vyake. "D inakuja kabla ya O! Nitaitwa kabla yake, na hawezi kupinga, maana alfabeti hii mji huu kaifundisha yeye mwenyewe!"

Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi ya binti yake.

Walipanda treni pamoja, mmoja kaangalia dirisha hili na mwingine lile. Yaliyotokea huko Chicago nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na nitawapa ninavyoamini mimi.

Pigo la kwanza lilikuja ndani ya treni. Clete Amsbaugh alipita akiwaeleza wageni utaratibu. Indiana ina kura thelathini, na kwa desturi yetu wajumbe hukutana faragha kwanza. Upande ukizidi, hata kwa nusu, kura zote thelathini hupigwa pamoja. Yeye Clete ndiye husimama ukumbini akasema, Indiana, kura thelathini, kwa fulani. Basi.

"Na majina yetu?" Delphia akauliza.

"Majina ya nini, mama?"

Orpha akacheka kidogo, kile kicheko cha darasani. Delphia alifungua kikapu, akala yai la kuchemsha bila chumvi.

Hoteli ilifurika, wakapewa kitanda kimoja, mawifi wale wawili. Joto lilikuwa la kutosha kuivisha mkate. Ukumbini walikaa chini ya nguzo yenye jina la Indiana, mbali nyuma, huku Ohio wamewekwa mbele karibu na jukwaa, wakijipepea kwa kofia nyeupe mpya. Majimbo yaliitwa, yakahesabiwa, yakaitwa tena, na hakuna aliyefikisha kura za kutosha. Bwana mmoja wa Mashariki alivuta huku, bwana mmoja wa Magharibi akavuta kule. Sisi tulimng'ang'ania mtu wetu, Lemuel Wickard, gavana wetu wa zamani, ambaye hakuna aliyetegemea awe rais, hata mkewe. Huo ndio mchezo wetu wa siku zote. Unamshikilia mtoto wa nyumbani mpaka wakubwa wachoke kugombana, halafu mmoja wao anakuja kukunong'oneza, nipe thelathini zako, na mtu wenu awe makamu wangu.

Delphia alimpenda Wickard kwa dhati. Wickard aliwahi kumpa mkono kwenye maonyesho na akaisifu pai yake, ile ya utepe mwekundu. Kumbukeni hilo.

Asubuhi moja, baada ya kifungua kinywa, Clete aliwakusanya wajumbe kwenye chumba cha kulia cha hoteli, akafunga mlango. Wajumbe vijana, wanasheria, walikuwa wamechoka na mchezo, wanataka jimbo lihamie kwa bwana wa Magharibi papo hapo, kabla ya wengine. Clete alitaka wasubiri mpaka jioni. Alikuwa ameshanong'onezwa. Umakamu ulikuwa njiani, kama Indiana itabaki kitu kimoja.

"Wanaosubiri, mikono juu." Ikahesabiwa. Kumi na tano, nusu ya Orpha ikiwemo. "Wanaohama." Kumi na nne na nusu.

Clete akahesabu tena, kisha akatazama chini ya meza, kama aliyeangusha kitu. "Kuna nusu imepotea humu."

"Mke wa Virgil," Orpha akanong'ona, lakini mnong'ono wa mwalimu husikika mpaka dawati la nyuma. "Inua mkono. Watu wanasubiri."

Wajumbe wengine wakacheka. Delphia aliniapia baadaye kwamba angalinyamaza tu yule mwanamke, angaliinua mkono kwa Clete na mambo yakaisha.

"Mama," Clete akasema, kile kisauti chake cha msibani kikianza kukauka, "ukija kwangu, tumemaliza. Ukienda kwa wale, tumefungana kumi na tano kwa kumi na tano, na tukifungana hakuna kura ya pamoja. Kila mtu ataitwa jina lake mbele ya kipaza sauti, na nchi nzima isikie Indiana walivyo vipande vipande. Ndicho unachotaka?"

"Kila mtu jina lake?"

"Jina lake!"

"Kwa herufi?"

"Kwa herufi, ndiyo, sasa herufi zina nini hapa?"

Delphia akauinua mkono wake juu kabisa. "Nahama."

Clete alidhani anawatisha watu na aibu. Hakujua kwamba mbele yake kuna mwanamke aliyeisubiri aibu hiyo tangu alipoolewa. Orpha alimgeukia wifi yake, uso umempauka. "Una wazimu? Wewe hata huyo mtu wa Magharibi humjui jina!"

"Nitalijua njiani," Delphia akasema.

Mchana huo duka letu lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya mbegu. Virgil tulimpa pipa la misumari alikalie karibu na tarumbeta, kwa heshima ya kuwa na watu wake wawili kule ukumbini. Redio ilikuwa ikikoroma na kukohoa. Tukasikia Indiana ikiitwa, tukasikia sauti ya Clete ikisema kwa shida kwamba jimbo linaomba kuitwa mtu mmoja mmoja, tukasikia ukumbi wote ukiguna. Burl akashika kichwa. "Wamegombana," akasema. "Wamegombana hao, umakamu huo umekwenda."

Mimi sikujali umakamu. Nilikuwa nimeelewa. Nilisogea mpaka sikio langu karibu kuingia ndani ya tarumbeta, nikasubiri R. Karani alisoma kwa sauti kavu, watu wakajibu, mwingine kura nzima, mwingine nusu. Ikafika.

"Binti Orpha Rusk."

"Wickard. Nusu." Sauti ilikuja wazi, kila herufi mahali pake.

Duka likalipuka makofi. Virgil akapiga paja. Mimi nilisimama pale mdomo wazi. D imepita wapi? Nilidhani ilimezwa na mikoromo ya redio, kwamba Delphia alishaitwa akajibu nasi hatukusikia, na machozi ya hasira yakaanza kunitoka. Karani akaendelea.

"Bibi Virgil Rusk."

Lo! Ndivyo walivyomwandika. Mwanamke aliyeolewa huandikwa jina la mumewe, kadi za mwaliko huandikwa hivyo, hata mimi kwenye bahasha ni Bibi Burl, na sisi wawili kule uzioni, na herufi zetu za kuhesabia vidoleni, hatukulikumbuka. Hakuwa D. Alikuwa V. Alfabeti yenyewe ilikuwa imemweka nyuma ya wifi yake.

"Virgil, unaitwa!" mtu akapiga kelele dukani.

"Nipo!" Virgil akaiitikia redio, na watu wakaanguka kwa kicheko. Nilitamani kumpiga na mpini wa koleo.

Kule Chicago kimya.

"Bibi Virgil Rusk," karani akarudia. Baadaye nilimuuliza Delphia kwa nini hakujibu. Alisema hakujua ni yeye. Halafu akasema, hapana, alijua, ila alichokuwa akikifikiria ni kwamba hata D yake amenyang'anywa.

"Bibi Virgil Rusk, kwa mara ya mwisho. Yupo au hayupo?"

Hapo ndipo tuliposikia, kwa mbali, nyuma ya kipaza sauti, sauti ambayo hakuna mtu Sugar Fork asingeitambua, kwa sababu wote iliwahi kuwakemea.

"Yupo! Delphia! Delphia Rusk, simama wewe mwanamke!"

Virgil alinyanyuka kutoka kwenye pipa. "Huyo ni Orpha," akasema polepole. "Amemwita Delphia."

Kukawa na mkwaruzo, viti vinasukumwa. Kisha sauti ya Delphia, karibu mno na kipaza sauti, ikapasua tarumbeta yetu:

"Nilikuwa nataka kulisema mwenyewe!"

Ukumbi wote ulicheka, Ohio na kofia zao nadhani walicheka kuliko wote. Karani naye alisikika akijizuia. "Vema, bibi. Unamchagua nani?"

"Wickard!" akasema kwa hasira. "Nani mwingine? Wickard, nusu!"

Watu walioketi karibu na Clete wanasema alivua kofia yake akaikalia. Mwanamke amelipasua jimbo asubuhi kwa kuhamia Magharibi, na mchana anapiga kura ile ile aliyoombwa apige. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Jimbo vipande viwili halina cha kuuza, na hakuna aliyerudi kutunong'oneza. Umakamu ulikwenda kwa mtu wa jimbo jingine. Silitaji. Si Ohio, namshukuru Mungu.

Clete alifika dukani mara moja tu baada ya hapo, kulipia tangazo la majeneza yake tulilobandika ukutani. "Nimezika watu wengi," akamwambia Burl, "lakini sijawahi kuona jimbo zima likizikwa na nusu mtu." Nilimpa kahawa baridi.

Ajabu ni kwamba mji haukumlaumu Delphia. Treni ilipowarudisha, watu walijipanga stesheni, na aliposhuka, wote kwa pamoja: "Delphia Rusk, simama wewe mwanamke!" Toka siku hiyo hakuna aliyemwita mke wa Virgil. Akiingia kanisani, akiingia dukani, watoto wakimwona na kigari chake: Delphia Rusk, simama! Nilidhani shoga yangu amepata alichokitafuta. Nikamwambia hivyo.

"Wanaiga sauti ya nani?" akaniuliza.

"Ya Orpha," nikasema.

"Jina langu, Zelma. Nililifanyia mazoezi. Nilikuwa nalo hapa mdomoni, na akalisema yeye kwanza. Sasa kila mtu akiniita, namsikia yeye."

Na ndani ya nyumba hali ilirudi palepale. Jioni ya kwanza tu, wanamenya tufaha, Orpha akasema, "Mke wa Virgil, nipe kisu."

Delphia akakiweka kisu chini. "Chicago uliniita Delphia."

"Wangekuandika hayupo. Nusu yako ingepotea."

"Uliniita mbele ya nchi nzima."

"Basi si nimekuita?" Orpha akasema. "Unataka mara ngapi?"

Nina haki ya kusema upande wa Orpha pia, maana alinieleza mwenyewe, mara moja, tulipobaki wawili kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Alifunga kinanda, kisha akaniuliza kama nilisikia alivyoitwa.

"Nilisikia. Sauti yako ilikuja vizuri."

"Binti," akasema. "Binti Orpha. Na mvi hizi. Nyuma yangu kuna mwanamume alisema binti huyo alishuka na Nuhu kwenye safina. Nilijibu huku nashikilia kiti. Yeye wamemwita Bibi mbele ya nchi nzima, na bado ananuna! Zelma, wangeniita mimi Bibi wa mtu yeyote yule, hata Bibi Clete Amsbaugh, ningeitika kabla hawajamaliza."

Nilipompelekea Delphia maneno yale, nikitegemea moyo wake utalainika, aliikunja midomo.

"Mwongo," akasema. "Sasa anataka na kununa kwangu pia."

Orpha aliugua kifua majira ya baridi, miaka kadhaa baadaye. Delphia ndiye aliyemuuguza. Alipanda na kushuka zile ngazi, akamwogesha, akamlisha pudingi ya persimoni, tunda la kwetu, kijiko kwa kijiko, na hakulalamika, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Nilijua anachosubiri. Kila nilipokwenda kumsaidia nilimkuta kitini kando ya kitanda, ameinama mbele kidogo.

"Mke wa Virgil," Orpha alisema siku ile ya mwisho, "maji."

Alikunywa. Hakusema tena.

Mazishi yalijaza kanisa na uwanja wake. Wanafunzi wake walikuja mpaka kutoka Indianapolis, watu wazima wenye vitambi wakilia. Baada ya maziko, wageni walipokwisha kwenda, nilibaki na Delphia jikoni kuosha vyombo. Alikuwa hajalia. Alifuta sahani moja mpaka nikaogopa itatoboka.

"Umeona watu wale?" akasema. "Wote wale, wamekuja kwa ajili yake."

"Hata leo unamwonea wivu, Delphia?"

"Hata leo." Akaweka sahani chini. "Nikifa mimi, Zelma, nani ataniita vile?"

"Nitakuita mimi."

Akanitazama juu mpaka chini, mimi rafiki yake wa miaka yote, niliyetega sikio kwenye tarumbeta nikimlilia herufi yake.

"Wewe? Sauti yako haivuki hata uzio."

Iliniuma sana. Nilivaa koti bila kuaga, nikavuka theluji mpaka upande wangu wa uzio, na hasira ikanigeuza. Jikoni kwake taa ilikuwa inawaka, na niliweza kumwona dirishani, ameketi mezani, mgongo kwangu. Nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote, maneno yale yale, Delphia Rusk, simama wewe mwanamke!

Akasimama.

Nilikuwa naanza kucheka, nimeinua mkono nimpungie. Lakini hakugeukia dirishani. Alisimama wima, mikono kwenye aproni, ameinua uso anatazama dari, kule kwenye chumba cha Orpha, na alikaa hivyo muda mrefu. Nikaushusha mkono, nikaingia ndani kwangu.